Posta, Konda na Flashi: Jinsi Muvi Zilivyofika Fukayosi

Tarehe 29 Septemba 2023 kampuni ya Netflix ilituma kwa posta diski yake ya mwisho. Huko Marekani watu walihuzunika kweli. Kwa miaka 25 bahasha nyekundu ilikuwa ikiingia kwenye sanduku la barua mlangoni mwa mtu, ndani yake muvi aliyoichagua mwenyewe wiki mbili au miezi miwili kabla. Akishaitazama anaifunga tena kwenye bahasha ileile na kuirudisha. Wenyewe walisema diski walizokodisha zilizidi bilioni 5.2, kwa wateja milioni 40. Mashabiki wakaanza kubishana: tumepata nini na tumepoteza nini kwa kuacha diski na kuhamia kwenye muvi zinazotiririka kutoka mtandaoni?

Mjadala mzuri. Lakini mweleze mtu wa Fukayosi habari hiyo, atakuuliza kitu kimoja tu: “Yaani CD inakuja kwa posta? Posta ipi?”

Swali hilo nimelibeba muda mrefu, kwa sababu si la mzaha. Ukilifuata linakupeleka mbali, na njiani unakutana na historia ya namna sinema ilivyotembea katika pwani yetu. Fukayosi, kwa asiyeijua, ipo wilaya ya Bagamoyo, kwenye barabara iendayo Msata. Ukitoka mjini unapita Makurunge, unafika Fukayosi, mbele yako kuna Kiwangwa ya mananasi. Nchi ya Wakwere na Wazaramo, mihogo, korosho, na siku hizi wafugaji wengi. Lami ilipowekwa katika miaka ya 2010, mabasi ya Tanga na Arusha nayo yakaanza kukatiza hapo kukwepa foleni ya Chalinze. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi, tope masika.

Kinachochekesha ni kwamba Bagamoyo ilikuwa na posta kabla ya miji mingi ya nchi hii. Wajerumani walifungua ofisi ya posta hapo Oktoba 1890, mwaka ambao Bagamoyo ilikuwa bado makao makuu yao. Na hata kabla yao, barua za bara zilipitia hapohapo mikononi mwa matarishi na misafara. Stanley anasimulia juu ya furushi la barua za Livingstone lililoandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Lilivuka kutoka Unguja, likafika Bagamoyo, likakaa. Miezi mitatu na zaidi waliopewa kazi ya kulipeleka walikuwa bado wapo mjini, na anasema waliondoka mbio waliposikia balozi Kirk anavuka kuja kuwaona. Livingstone alikuja kulipata Ujiji kwa mkono wa Stanley mwenyewe, mwaka mzima umepita. Nikisoma kisa hicho huwa najiuliza ingekuwaje kama ndani ya furushi lile mtu angekuwa anasubiri sehemu ya pili ya muvi.

Sasa, biashara ya Netflix ilisimama juu ya posta kuliko juu ya sinema. Reed Hastings na Marc Randolph, kabla hawajaianzisha mwaka 1997, walitaka kujua kama diski itafika salama ndani ya bahasha ya kawaida. Walinunua CD ya muziki iliyotumika, wakajitumia. Ikafika, haijavunjika, kwa gharama ya stempu moja. Hapo ndipo walipojua wana biashara, na mwaka 1998 wakaanza kutuma. Mkanda wa VHS usingewezekana: mzito, mnene, ghali kuutuma. Kwa hiyo walihitaji vitu viwili kwa pamoja, diski nyembamba na tarishi wa serikali anayefika mlangoni kwa kila raia.

Sisi diski tulizipata. Tarishi wa mlangoni hatukuwahi kuwa naye. Anwani ya Mtanzania kwa miaka yote ilikuwa S.L.P., sanduku lenye ufunguo kwenye ukuta wa ofisi ya posta mjini, na kijijini sanduku hilo lilikuwa la shule, la misheni au la zahanati. Barua ya mtu binafsi ilikuja kwa kupitia mwalimu mkuu. Hebu fikiria muvi ya Rambo inapitia kwa mwalimu mkuu!

Ila watu hawakukaa kungoja anwani. Posta ya Fukayosi alikuwa konda. Mpaka leo ukitaka kutuma kitu unakipeleka stendi, unaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, unamlipa konda, na mwenzako anasimama barabarani kusubiri basi. Dawa, vipuri vya pikipiki, sare za shule, vyote vinasafiri hivyo. Na mikanda ya video ilisafiri hivyo hivyo, imefungwa kwenye mfuko wa rambo (mfuko ambao, kama wengi wanavyodai, jina lake lilitokana na picha ya huyo huyo steringi iliyochapwa juu yake).

Kabla ya mikanda kulikuwa na gari. Waingereza walijaribu mapema: kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukiwa na makao Vugiri kule Usambara, ulitengeneza filamu fupi za kilimo na afya na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland. Baada ya uhuru magari ya serikali yaliendelea na kazi hiyo, na wazee wa pwani bado wanazungumzia “sinema za bure”, shuka jeupe kwenye kiwanja cha shule, watoto wakikaa upande wa nyuma wa shuka na kusoma maandishi kinyumenyume. Mjini kulikuwa na majumba ya sinema hasa, Avalon na Empire na Empress za Dar es Salaam, filamu za Kihindi na za kung fu. Mtu wa Fukayosi aliyeziona hizo alikuwa ameenda mjini kwa shida nyingine.

Televisheni, hapana. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulingoja hadi 1994 ilipokuja ITV, na televisheni ya taifa hadi mwaka 2000, kwa kuwa serikali ya Mwalimu iliona ni anasa kwa nchi maskini. Mawimbi hayakusikiliza sera, na wenye seti na antena ndefu pwani ya bara walichungulia TVZ. Walikuwa wachache mno. Ninachotaka msomaji akione ni mfuatano huu: katika vijiji vingi vya bara, video ilitangulia televisheni. Watu walijua deki kabla ya kujua taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mahali pengine duniani kukodi mkanda kulikuwa nyongeza ya TV. Kwetu kukodi ndiko kulikuwa TV yenyewe.

Ndivyo kikaja kibanda umiza. Jina limejieleza: benchi la mbao linakuumiza mgongo, kioo cha inchi 14 kinakuumiza macho, na joto la watu sitini chini ya turubai linakuumiza kila mahali. Jenereta linanguruma nje. Kiingilio kidogo, mia au mia mbili katika miaka ninayoikumbuka mimi, na ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki: leo Van Damme, kesho Schwarzenegger, Jumapili Kihindi. Steringi hafi. Akifa, watu wanadai hela yao.

Tatizo lilikuwa lugha. Filamu inasema Kiingereza, Kihindi au Kichina, na ukumbi mzima ni Kiswahili na Kikwere. Hapo akatokea mtafsiri. Anayetajwa kama mwanzilishi wake nchini ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu. Uganda wana ma-VJ wao, Kenya walikuja kuwa na DJ Afro, lakini huku kwetu sauti ya Lufufu juu ya muvi ilikuwa kama muhuri wa ubora. Na “kutafsiri” ni neno dogo kwa kazi ile. Alikuwa anasimulia. Anampa adui jina, anamtania, anaeleza kwa nini binti amekasirika, anaonya kwamba sasa kitaumana, anatoa mfano wa Kariakoo katikati ya New York. Babu zetu walisimulia hadithi kwa moto. Huyu alisimulia kwa picha zinazokwenda zenyewe, na ilimbidi awahi. Wapo wasomi waliolalamika kwamba aliharibu filamu. Mimi nasema kwa mtazamaji wa Fukayosi filamu haikuwapo mpaka mtafsiri alipofungua mdomo.

Lakini kibanda kilikuwa cha wanaume na wavulana. Mwanamke aliyeheshimika hakukaa humo usiku, na binti aliyeonekana mlangoni alisemwa wiki nzima. Hapa ndipo ukodishaji ulipokuwa na maana ambayo bahasha nyekundu haikuwa nayo Marekani. Laibrari ya video (ndivyo tulivyoziita, laibrari, na kwa miaka mingi niliamini neno hilo halina uhusiano wowote na vitabu) ilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mbao na makava yaliyobandikwa ukutani. Unaacha jina, pengine unaacha dhamana, unachukua mkanda jero kwa siku. Ukichelewesha, faini. Nyumba yenye deki na betri ya gari ikawa ukumbi wa akina mama na watoto, na waliokuja walileta mihogo ya kuchemsha na mkeka. Filamu za Kinaigeria zilizotafsiriwa, za mama mkwe na uchawi na mirathi, zilipendwa kwenye mikeka hiyo kuliko kwenye mabenchi. Kwa maoni yangu Bongo Muvi ilizaliwa kutokana na mikeka ile: wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuona nani anakodi nini.

Girlfriend ya George Tyson ilitoka 2003. Miaka michache baadaye Steven Kanumba alikuwa jina la kila nyumba, na Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ikamkutanisha na Wanaijeria wenyewe. Muvi zilitoka kwenye VCD, kisha DVD, zikisambazwa na Steps Entertainment na wengine wa Dar es Salaam, na kila hadithi ilikatwa vipande viwili: nunua ya kwanza, rudi kununua ya pili. Watu walinung'unika, walirudi. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28. Umati uliojaa viwanja vya Leaders ulistua hata wanasiasa, na sehemu kubwa ya waliomlilia nchi nzima hawakuwahi kulipa senti moja iliyomfikia yeye. Walikuwa wamekodi.

Hili lazima lisemwe, maana ni rahisi kuikumbuka laibrari kwa mapenzi tu. Mwenye laibrari alinunua nakala moja, akaikodisha mara mia. Mara nyingi nakala yenyewe ilikuwa imechomwa kwenye kompyuta. Msanii alikwisha kuuza haki zake zote kwa msambazaji kwa mkupuo, na msambazaji naye alilia kwamba anaibiwa. Muvi za nje zilikuwa wizi mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile diski za Kichina zenye muvi ishirini kwenye sahani moja, zote za Jackie Chan eti, na mbili kati yake si zake. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi za TRA kwenye kazi za filamu na muziki. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Muvi waliingia mitaani Kariakoo kupinga muvi za nje zisizolipiwa kodi. Walichokuwa wanapigania, diski kwenye kava lenye stempu, kilikuwa tayari kinakufa mikononi mwao.

Kilichoiua diski Fukayosi hakikuwa intaneti. Watu wa mjini hukosea hapa. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam 2009, ndiyo, na Netflix ilijitangaza Januari 2016 kwamba imeingia nchi 130 kwa siku moja, Tanzania mojawapo. Kijijini mabadiliko yalikuja kwa kitu kidogo kuliko kidole: flashi, na ndugu yake memori kadi. Kijana mwenye kompyuta moja na umeme au sola anabandika karatasi: “Tunaingiza muvi, sizoni, nyimbo.” Unampa flashi, unataja, anakujazia. Prison Break yote kwa bei ya soda mbili tatu. Hurudishi kitu. Hakuna faini. Kijana mwenyewe anapanda basi kwenda Bagamoyo au Kariakoo na hadi diski yake ya nje, anajaziwa mzigo mpya, anarudi. Ukimtazama vizuri ni tarishi yule yule wa miaka ya 1870, tofauti ni kwamba hakai miezi mitatu mjini.

Kwa hiyo chaguo tulilokuwa nalo lilikuwa tofauti na la Mmarekani. Yeye alikuwa na diski inayochelewa lakini yenye kila kitu, dhidi ya mtandao wa papo hapo wenye pengo. Netflix ilipoanza kutiririsha mwaka 2007 ilikuwa na muvi chache zilizochakaa, na diski zilikuwa na karibu kila filamu uliyoisikia. Mwaka 2011 kampuni ilipojaribu kuzitenga huduma hizo mbili, diski zipewe jina jipya la Qwikster, wateja laki nane waliondoka ndani ya miezi mitatu na mpango ukafutwa. Walioondoka walikuwa wanatetea kitu: foleni yao, ile orodha ya filamu walizojiandikia. Mtu aliyeweka filamu ya kale ya Kijapani kwenye orodha mwezi wa tatu, ikamfikia mwezi wa sita, aliitazama hata kama usiku huo alitamani vichekesho.

Sisi foleni tulikuwa nayo, ila haikuwa yetu binafsi. Ilikuwa ya mkanda. “Umechukuliwa na mama fulani, unarudi kesho.” Ukaenda ukamwuliza mama fulani umeonaje. Mwenye laibrari alijua nyumba gani inapenda nini na nani asipewe nini, na alisema wazi, “Hii wewe hutaipenda.” Kampuni kubwa zimetumia mabilioni kuifundisha mashine kusema sentensi hiyo, na bado haithubutu kuisema. Inakwambia utapenda kila kitu.

Leo mtandao unafika. Simu zipo, mnara upo, na kijana wa bodaboda anatazama vipande vya Bongo Muvi YouTube kivulini akingoja abiria. Lakini mtiririko huo unahesabiwa kwa MB. Muvi nzima inakula bando la siku kadhaa, na Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa kelele zilikuwa kubwa hadi serikali ikazisitisha. Netflix yenyewe inataka kadi ya benki kila mwezi, kitu ambacho mkulima wa mananasi mwenye hela yake kwenye M-Pesa hana sababu ya kuwa nacho. Vinavyotazamwa kwa kweli ni king'amuzi, Azam tangu 2013 au DStv ya Jua Kali, na flashi. Mtu analipia king'amuzi mwezi wa mavuno, kikikata anarudi kwenye flashi. Hachagui teknolojia moja aiache nyingine. Anahama kama mfugaji, kufuata malisho.

Nikiulizwa mimi, ningechagua laibrari, pamoja na wizi wake wote, kama ingewezekana kumlipa msanii. Sababu yangu si mapenzi ya zamani. Ni kwamba mtandao hauna tafsiri za Lufufu. Kampuni yenye haki ya muvi haina sauti yake, na sauti yake haikuwahi kuwa na haki ya muvi, kwa hiyo hakuna mahali halali pa kuiweka. Vivyo hivyo Bongo Muvi za miaka ile: nyingine zimewekwa YouTube, zimekatwa na kuungwa, matangazo katikati, nyingine zilibaki kwenye VCD ambazo hakuna deki ya kuzisoma. Tunao Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyofika tamasha la Toronto mwaka 2021, nayo itahifadhiwa, watu wa sinema wataitunza. Nani atatunza muvi ya mama mkwe, sehemu ya pili, iliyotazamwa na kijiji kizima juu ya mkeka? Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha taifa, TaSUBa, kilomita chache tu kutoka zilikokuwa rafu hizo. Chumba kimoja chenye deki tatu nzima na kijana wa kunakili kingetosha kuanzia.

Netflix walipofunga kazi waliwaambia wateja wa mwisho wabaki na diski walizonazo, na wengine wakatumiwa za ziada kama zawadi. Huku laibrari zilifungwa bila tangazo, na yaliyokuwa majumbani yalibaki majumbani. Mikanda ya VHS ilipasuliwa, utepe wake mweusi ukavutwa juu ya mashamba ya mpunga bondeni. Upepo ukiupiga unatoa mvumo unaofukuza ndege, na unafanya kazi vizuri kuliko sanamu. CD zimetobolewa katikati ya tundu na kufungwa nyuma ya baiskeli ziakisi taa za magari. Ukipita usiku barabara ya Msata utaziona ziking'aa.